Kopo la Maranda

Jumatatu, 3 Machi

Mimi ni mtu mwenye bahati, na naandika hivyo kwa wino ili mwenye kijicho asipate pa kufutia. Kuku hafi mkononi mwangu. Wengine wanafuga wakizika, mimi nafuga nikichinja. Mtaa mzima unaniita Mkono. Jina hilo sikujipa mwenyewe, ingawa sikulikataa.

Daftari hili nimeletewa na binti yangu. Alisema, "Baba, hayo maneno yako ukiyaandika, sisi wengine tutapumzika." Ulimi kaurithi kwa mama yake. Mimi darasa la sita niliachana nalo kwa amani, hakuna aliyemlilia mwenzake, nikashika usukani wa lori. Nimelala mipakani, nimeoga kwenye karakana, nimekula kuku wa nchi ambazo mwalimu wangu hakuweza kuzipata kwenye ramani. Mguu ulipoikataa klachi nikarudi nyumbani, nikajenga mabanda mawili nyuma ya jiko, na tangu hapo sijazika hata mmoja.

Siri yangu naiandika hapa bure. Kwanza, sihesabu. Vifaranga wakiletwa kwenye maboksi, muuzaji ahesabu yeye, mimi nageukia ukutani. Anayehesabu anamwonyesha shetani mlango. Pili, mtu yeyote mtaani akileta vifaranga wapya ananiita mimi niwashushe, nami naenda na kopo la maranda kutoka bandani kwangu, namwaga kidogo juu ya maranda yao mapya. Bahati ni kama chachu: unachukua donge la jana, unalitia kwenye unga wa leo.

Mke wangu huyasikia haya yote na kuendelea kuosha vyombo. Namwita Waziri wa Ndani, kwa sababu anajua kila kinachotokea na hatoi taarifa.

Alhamisi, 6 Machi

Leo tumechinja wakubwa. Wadogo wamebaki banda la pili, wana wiki tatu, wazuri kama maharusi.

Jana jioni tuliwanyima chakula tukawaachia maji, ili matumbo yawe matupu. Nina dumu nililolikata kitako na kulipigilia kwenye nguzo, mdomo chini. Kuku anaingia kichwa kwanza, kichwa kinatokea chini, mabawa yamebanwa, hapigi wala hajiumizi. Kisu kimoja, basi. Halafu pipa la maji. Maji yawe ya moto lakini yasichemke, maana yakichemka ngozi inachunika kama soksi kuukuu, na mpishi wa mkahawa pale kituo cha mafuta, anayenunua kuku wangu wote, hapendi kuku aliyevaa soksi kuukuu.

Waziri wa Ndani hunyonyoa, mimi napasua. Leo alikuja kutusaidia Shemeji, mjane wa dereva mwenzangu. Huyo marehemu tuligawana lori moja miaka mingi, yeye akilala kitanda cha juu cha kabini akiota kwa sauti, mimi chini nikijibu. Homa ilimchukua safarini, na mimi ndiye niliyeirudisha maiti nyumbani. Shemeji ni fundi wa kushona, na macho yake yamepunguza nuru, lakini vidole vyake havijui habari hiyo. Vile vinyoya vidogo vinavyobaki kwenye ngozi, ambavyo sisi wenye macho tunavipita, yeye anavipapasa anaving'oa kimoja kimoja.

Kinyozi, jirani yetu, alichungulia juu ya ukuta akasema angalau wateja wake yeye hutoka kwa miguu yao. Nikamwambia wa kwangu hawarudi kulalamika.

Jumapili, 9 Machi

Mvua imeanza. Bati linavuja palepale pa mwaka jana. Lina kumbukumbu kuliko mimi.

Jumatano, 12 Machi

Shemeji ameuza cherehani.

Alikuja kuniambia akiwa amesimama mlangoni na mwavuli uliovunjika mbavu, kama mtu aliyeleta habari ya msiba. Uzi hauingii tena kwenye tundu la sindano, na mwezi uliopita alimshonea mteja suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Tukacheka, wote watatu. Kisha tukaacha kucheka kwa pamoja.

Ndugu wa marehemu wanataka aende kukaa kwao, mbali. Chumba cha nyuma kipo, wamesema, cha kugawana na wasichana, na watoto wa kulea hawakosekani. Watu wema tu. Lakini Shemeji alishika ukingo wa mlango wangu akasema, "Nikienda kule sitakuwa na mlango. Nitakuwa na pazia."

Kwa hiyo anataka kufuga. Cherehani ndiyo imegeuka vifaranga. Mpishi wa mkahawa nimeshamsemesha: kundi la kwanza likitoka zuri, atachukua kwa Shemeji siku zote. Kundi moja tu likisalimika, ana mlango. Likianguka, ana pazia. Hata mimi wa darasa la sita naielewa hesabu hiyo.

Nikamwambia, kuku wako wako mkononi mwangu. Akasema anajua, ndiyo maana ameuza.

Ijumaa, 14 Machi

Tumejenga banda lake. Nimechimbia nguzo, nimepiga misumari, nimepiga na kidole. Yeye alipima waya kwa futi yake ya kushonea, akatia alama kwa ile chaki ya vitambaa, akakata bila kupoteza hata shubiri. Banda limekaa kama gauni.

Jumatatu, 17 Machi

Waziri wa Ndani ameamka kabla yangu, kama kawaida yake. Nilipotoka, shimo la taka lilikuwa linafuka moshi katikati ya manyunyu, harufu ya manyoya. Nikamuuliza anachoma nini na mvua hii. Akasema matambara. Nikamwambia matambara yetu yananukia kama karamu. Hakucheka.

Naona anachoka siku hizi. Ameacha karai dogo, sasa anabeba lile kubwa, na akirudi kutoka shimoni anashika kiuno.

Kuku wa banda la pili wamejikunyata kwa ajili ya baridi. Nimewaongezea mkaa. Wametulia sana. Kuku aliyetulia ni kuku aliyeshiba.

Jumatano, 19 Machi

Vifaranga wa Shemeji wamefika.

Nilikuwa nimeshajaza kopo langu kwenye banda la pili, nimevaa buti, nimejipulizia manukato kidogo, maana shughuli ni shughuli. Mke wangu akanisimamisha mlangoni. "Leo usiende na kopo."

Nikamuuliza kwa nini.

"Mvua. Litalowa."

Nikavua kofia nikafunika kopo, nikamwambia bahati yangu imepita mito yenye mamba, itaogopa manyunyu? Akafungua mdomo. Nikangoja. Akaufunga, akaniambia nichukue mwavuli.

Kwa Shemeji kila kitu kilikuwa tayari: jiko la mkaa limefunikwa vizuri, maranda mapya kutoka kwa seremala, meupe, bado yananukia mti. Nikawashusha mmoja mmoja, kila mmoja nikimchovya mdomo kwenye maji ili ajue pa kunywa. Shemeji alikuwa amepiga magoti akisikiliza. Amenifundisha kitu: wakipiga kelele wanasikia baridi, wakinong'ona wameridhika. Walinong'ona.

Kisha nikampa kopo. Nikamwambia leo tandika wewe mwenyewe, bahati ikujue mkono. Akayamwaga maranda yangu juu ya yale meupe, akayasambaza kwa viganja taratibu, akiyapapasa kama anayenyoosha kitambaa cha harusi. Akasema, "Laiti na marehemu angekuwepo." Nikasema angekuwepo angeshauliza wanaliwa lini. Akacheka mpaka akafuta macho.

Nimerudi nimelowa, nimefurahi. Andika hilo, daftari.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Nimeziba paa kwa kiraka. Limevuja pembeni ya kiraka.

Jumanne, 25 Machi

Binti yetu amejifungua. Wa kiume, na inasemekana ana pua yangu, maskini. Waziri wa Ndani ameondoka alfajiri kwenda kumsaidia. Kabla ya kupanda gari alinishika mkono wa shati akaniambia nikiamka niende bandani kwanza, kabla ya chai. Nikamwambia mama, ulikuwa hujazaliwa kwenye ufugaji nilipoanza. Hakuniachia. Akarudia: kabla ya chai.

Jumatano, 26 Machi

Nilikunywa chai kwanza.

Kisha nikaenda. Watatu wamekufa, wamekauka kama mbao, na wenzao wanawakanyaga wakienda kula. Sikujua hata wanabebwaje. Nikachukua karai.

Bahati imekwenda kumwona mjukuu. Itarudi.

Alhamisi, 27 Machi

Tena.

Jumamosi, 29 Machi

Nimewachinja waliobaki kabla hawajanifia wote. Shemeji alikuja kunyonyoa. Siku nyingine huwa nakosa matenga ya kuwabebea. Leo matenga yalikosa kuku. Nililigeuza moja nikalikalia, nikajiambia wamekonda tu, ndiyo maana wameenea.

Nilipopasua wa kwanza nikaona madoa kwenye paja. Mekundu, mistari mistari, kama daftari langu la shule baada ya mwalimu kulipitia. Wa pili hivyohivyo. Si wote, lakini wengi. Shemeji alikuwa na paja moja kama hilo mkononi, anatafuta vinyoya kwa vidole, amelielekeza kwenye mwanga na haoni kitu. Akaniuliza mbona nimenyamaza, leo redio imeisha betri? Nikasema nasikiliza mvua.

Mpishi aliyaona. Nikamwambia wameumia kwenye matenga. Aliwakataa wenye madoa, akachukua wengine kwa kununa. Hao waliokataliwa nimewafukia. Ni mara yangu ya kwanza kufukia nyama niliyoiosha.

Jumapili, 6 Aprili

Amerudi. Mtoto mzima, mama mzima. Pua kweli ni yangu.

Nilingoja ale kwanza. Kisha nikamwambia, umeondoka na bahati yangu, tangu siku ya kwanza wanakufa. Nilisema kwa utani, lakini sauti ilinitoka ya mtu mwingine. Akaweka kijiko. Akaniangalia kama anayepima urefu wa shimo kabla ya kuruka.

Akaniambia wanakufa siku zote.

Kila kundi. Wawili leo, mmoja kesho, wakati mwingine zaidi. Yeye huamka kabla yangu, huwatoa, huwachoma au huwafukia, huwasha jiko, na mimi nikiamka nakuta banda safi na chai ya moto. Miaka yote hii. Na kwa kuwa sihesabu, hakuna kilichopungua.

Nikamuuliza kwa nini. Akanikumbusha kundi la kwanza kabisa, mwaka ule wa mguu, walipokufa karibu nusu. Mimi nilikuwa nimelisahau kundi hilo. Naapa nilikuwa nimelisahau. Akasema, "Ulilala umegeukia ukuta, hukula. Uliniambia hata kuku wameona wewe ni mtu wa kuzikwa. Nikaona nitazika kuku na mume."

Nikafanya utani fulani. Siukumbuki. Hakuna aliyecheka, hata mimi.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeamka kabla yake. Banda tupu. Nimekaa humo tu.

Jumatano, 9 Aprili

Shemeji amemtuma mtoto wa jirani yake. Vifaranga hawanong'oni.

Nimekwenda. Wamejikunyata pembeni, manyoya yamesimama, vichwa vimelala, kinyesi cheupe cha majimaji kimewaganda nyuma. Waliokufa alikuwa amewapanga kwenye gunia, kwa mstari, amewafunika kitambaa. Kila kitu alichoambiwa amefanya: chanjo kwenye maji, mkaa, usafi. Akanishika mkono akauweka juu ya mmoja aliye hai. Akasema, "Mshike. Wewe ukimshika hafi."

Nilimshika.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo nitaandika hata wino ukiisha.

Nilimwita daktari wa mifugo. Ni mama wa makamo, ana buti za mpira na mfuko mweusi, maneno machache. Kabla hajaingia alipaka buti zake dawa, akaniangalia buti zangu, akanipakia na mimi. Nikamtania kwamba sijawahi kung'arishiwa viatu na daktari. Akasema ni kawaida yake.

Alimchukua mmoja aliyekufa asubuhi hiyo, akamlaza chali juu ya gunia la chakula, akamkata ngozi ya tumbo, akaivuta mpaka mapaja yakawa wazi.

Madoa. Mekundu, mistari mistari.

Nilijua kabla hajafungua mdomo.

Daktari akasema ni gumboro. Akaeleza kwa upole, kama anayemweleza mtoto. Ugonjwa huu hukaa sakafuni, kwenye maranda, miezi na miezi, hata kuku wakiisha. Vifaranga wakikutana nao tangu siku ya kwanza, chanjo inakuja imechelewa. Mtu haumwi ugonjwa huu, kuku ndio wanaoumwa. Dawa hakuna. Watakaokufa watakufa, na watakaobaki watadumaa. Kisha akauliza maranda yalitoka wapi.

Shemeji akajibu kwamba ni mapya, ya seremala, ameyaleta kwa gunia safi na amelifunga mwenyewe. Hakutaja kopo. Hakulificha, jamani. Kwake yeye lile halikuwa maranda, ilikuwa baraka, na baraka hakuna daktari anayeiulizia.

Daktari akageuka akaniangalia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nazungumza sana. Nikaangalia buti zangu zilizopakwa dawa.

Hapo Shemeji akainamia gunia. Alikodoa macho mpaka machozi yakamtoka, haoni. Akauliza, "Shemeji, kuna nini hapo? Niambie unachokiona."

Nikasema, "Nyama tu."

Daktari aliinua kichwa. Alidhani labda namhurumia mjane. Akafunika yule kifaranga, akaeleza jinsi ya kuchoma mizoga na maranda yote, na chokaa, na kuacha banda wazi muda mrefu kabla ya kufuga tena. Shemeji aliuliza muda mrefu ni upi. Alipojibiwa akasema asante. Huo muda hana, na sote pale tulijua, isipokuwa daktari.

Nyumbani nilimkuta mke wangu anachambua mboga. Nikamuuliza: wale wa banda la pili, mwezi wa tatu, walikufa wangapi?

Akasema, "Sikuhesabu. Karai lilijaa."

"Na siku ya kopo?"

"Siku ya kopo lilikuwa limejaa asubuhi ile."

Basi. Alijua wanakufa, hakujua ni nini kinawaua. Aliona nikijaza kopo. Alitaka kusema, na kusema kungekuwa kuniambia kila kitu, toka mwanzo, pale mlangoni, nimejipulizia manukato. Akasema mvua.

Sikumkasirikia. Nilitaka kumkasirikia, nikatafuta pa kuanzia, nikakuta kila pa kuanzia pana mdomo wangu.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimekwenda kumsaidia kuchoma mizoga. Sikusema.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua kubwa. Moto haushiki, tumefukia. Shemeji ananishukuru kwa kila koleo la udongo. Sikusema.

Jumatano, 16 Aprili

Leo asubuhi Waziri wa Ndani aliniwekea chai akakaa mbele yangu, jambo ambalo hafanyi. Akauliza kama nimemwambia. Nikasema namtafutia siku nzuri. Akasema siku nzuri yeye amezitafuta miaka, hazipo. Akajifunga kanga nyingine juu ya ile ya kwanza, akachukua mwavuli, na akachukua kopo kutoka kwenye msumari wake.

Tulimkuta Shemeji amekaa kwenye kibao mlangoni mwa banda. Waliobaki ni wachache, wadogo kama wa wiki moja, wana mabawa yaliyoning'inia. Alinijua kwa mguu kabla sijafika. Akasema, "Karibuni. Leo mmekuja na waziri, kuna ziara?" Nikaanza utani wa kujibu. Ukakatika katikati.

Nikamwambia. Kopo, banda la pili, madoa niliyoyaona nikichinja naye pembeni ameshika paja lenye ugonjwa. Mke wangu akaeleza la kwake, karai na asubuhi zake, na mlangoni siku ile. Alieleza bila kujitetea. Mimi nilijitetea kidogo, halafu nikaacha.

Shemeji alinyoosha mkono akaomba kopo. Akaingiza vidole ndani, akapapasa kitako, pale penye mabaki machache yaliyoganda.

Akaniuliza, "Siku ile ya kopo ulikuwa unajua?"

"Sikujua."

"Na siku daktari alipopasua?"

Nikasema siku hiyo nilijua.

Akatikisa kichwa polepole, kama anayekubaliana na kitu alichokisoma. "Mimi sioni. Ndiyo maana nilikuuliza wewe."

Laiti angenitukana. Mimi nimetukanwa na askari wa mipakani kwa lugha nisizozijua, najua jinsi ya kusimama nikitukanwa. Alimwambia mke wangu aingie ndani asilowe, wakaingia, nikabaki nje na wale waliobaki. Kisha akatoka akaniomba niwamalize, kwa kuwa nina kisu kizuri. Niliwamaliza. Hawakuhitaji dumu. Hawakuwa na nguvu ya kupiga mabawa.

Alhamisi, 17 Aprili

Mpishi ametuma salamu kuuliza kuku wa mjane watakuwa tayari lini. Mke wangu ndiye aliyejibu. Mimi nilijifanya nimelala, kazi ninayoiweza.

Jumatatu, 28 Aprili

Ndugu wa marehemu wamekuja na gari dogo la mizigo. Watu wema kweli, wamenisalimia kwa heshima, wamenishukuru kwa kumwangalia mke wa ndugu yao. Nilipakia mizigo. Kitanda, masufuria, sanduku la vyombo vya kushonea ambavyo hataki kuviacha. Juu kabisa aliweka kitu kilichokunjwa vizuri, nikakijua nilipokishika: pazia. Ameshona kwa mkono. Mshono umepinda.

Siku mbili zilizopita nililibomoa lile banda, nikachoma maranda, nikamwaga chokaa. Waya bado una alama za chaki yake.

Alimkumbatia mke wangu, wakanong'onezana sana. Kisha akanijia. Tangu aolewe na mwenzangu, mimi kwake nimekuwa Shemeji, hata nikiwa nimemkosea, hata nilipomletea maiti. Leo aliniaga kwa jina langu.

Akapanda mbele, akafunga mlango wa gari. Aliufunga mara mbili, haukuwa umeshika.

Alhamisi, 1 Mei

Mvua imepungua. Waziri wa Ndani amelala mpaka jua limetoka. Nilimwachia. Nilipika chai, ikawa mbaya, akainywa.

Ijumaa, 2 Mei

Kinyozi ameleta vifaranga. Tangu asubuhi nilisikia boksi zinalia upande wa pili wa ukuta, zinapiga kelele za baridi. Akachungulia akaniita. "Mkono, vaa buti. Wageni wamefika. Na kopo lako usilisahau."

Nikamwambia sina mkono. Akasema leo nimeamka na maringo, anataka kunibembeleza? Nikamwambia awashe mkaa kwanza, wanasikia baridi, na maranda atumie ya seremala peke yake. Kopo nimelitoboa kwa msumari nikalitupa.

Akacheka akingoja mwisho wa utani. Nikamwambia wa kwangu hufa kama wa watu wote, tangu kundi la kwanza, na mke wangu ndiye huwatoa kabla sijaamka, na lile kopo langu ndilo lililomhamisha Shemeji. Kinyozi aliacha kucheka. Aliangalia mabanda yangu, kisha akaniangalia mimi, kisha akashuka taratibu kutoka kwenye kile anachosimamia. Nikamsikia anafungua boksi na kuwahesabu kwa sauti, mmoja mmoja.

Ukurasa wa kwanza niliandika kwamba kuku hafi mkononi mwangu. Ni uongo. Walikuwa wanakufa siku zote, na mimi nilikuwa nimelala.